SSD kwa kompyuta kuukuu: niliyojifunza dukani kwangu Chake Chake

Duka langu la kuchapa na fotokopi liko Chake Chake, si mbali na soko. Kazi zinazonipa riziki ni zile zile za maduka yote ya namna hii: barua za kuomba kazi, mitihani ya walimu wa skuli za jirani, fotokopi za vitambulisho vya ZanID, picha za paspoti, kadi za harusi na, msimu wake ukifika, maombi ya mkopo wa elimu ya juu ya vijana waliomaliza kidato cha sita. Zote hizo nazifanya kwa kompyuta mbili zilizotumiwa na watu wengine kabla ya kuvuka bahari kuja kwetu. Ya mezani ni Dell OptiPlex 780, na ya pili ni laptopu, Dell Latitude E6410. Ni za 2009 na 2010, wakati ule ule ambao Pemba ilipata umeme wa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga na kuacha kutegemea majenereta ya Wesha.

Zote mbili sasa zinafanya kazi kwa SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, na wateja wanaona. Mtu anakuja na fleshi yake, anasubiri karatasi yake, halafu anauliza: hii kompyuta ya zamani mbona nyepesi hivi, na mie ninunue SSD gani? Jibu langu huwa refu kuliko anavyotarajia, kwa sababu wengi wanauliza kuhusu kasi, na kasi ndiyo jambo dogo kuliko yote. SSD yoyote ya kweli itakupa kasi ambayo kompyuta kuukuu haijawahi kuionja. Kinachotaka akili ni kupata diski iliyo halisi, inayokubaliana na mashine uliyonayo, na itakayodumu katika umeme wetu na joto letu.

Nianze na uzito wenyewe ulivyokuwa. Msimu wa mkopo, vijana wanajaa kwenye benchi mpaka nje barazani, kila mmoja ana vyeti vya kuskani na fomu ya kujaza mtandaoni kabla ya siku ya mwisho. Hapo ndipo unapoiona kompyuta inavyokutesa. Unafungua fomu, unaskani cheti cha kuzaliwa, unataka kukipunguza ukubwa, na mashine inaganda. Mshale unazunguka. Unamwambia kijana asubiri kidogo, na wa nyuma yake anaangalia saa. Nikifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonesha kazi za kompyuta, wakati ule naona prosesa inatumika kidogo tu, ramu ina nafasi, lakini mstari wa diski umesimama kwenye asilimia 100 na hauteremki.

Mstari huo ndio uliozima mjadala. Watu walikuwa wakinishauri niongeze ramu, wengine ninunue kompyuta mpya. Ramu niliyokuwa nayo ilikuwa haijai, basi kuiongeza kungesaidia nini? Kilichojaa foleni ni diski.

Ukijua hadi diski (hard disk), ile diski ya kizamani, inavyofanya kazi hutashangaa. Ndani yake mna sahani inayozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea. Hadi diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Kila faili dogo linapotakiwa, mkono usogee, kisha usubiri sahani ilete pale panapotakiwa. Ni kama karani mmoja wa masjala anayetumwa kufuata jalada moja moja, kabati hili na lile: hata akikimbia, kwa sekunde moja hatafikisha majalada mia. Na Windows inapowaka haitaki faili moja kubwa, inataka maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD haina sahani wala mkono. Ina chipu za kumbukumbu, na kupafikia mahali popote huichukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde au chini yake. Tofauti yote unayoihisi imo humo.

Nilipokwenda Unguja kununua mzigo wa karatasi nilipita Mlandege kwa fundi mmoja kijana, na laptopu nikaichukua mkononi. Alikuwa na SSD nyembamba kama ubale wa ubani wa kutafuna, imeandikwa NVMe, njia mpya ya SSD kuzungumza na kompyuta; ya zamani ni SATA.

"Dada, chukua hii. Inasoma megabaiti 3,500 kwa sekunde. Hiyo ya SATA ni 560 tu."

"Itaingia wapi kwenye laptopu yangu?"

Aliigeuza, akafungua skrubu za chini, akatazama. Hakukuwa na nafasi ya M.2, tundu la SSD nyembamba kama ile, na hakuweza kuiumba. Akafikiri kidogo, akaniambia basi tuitie ile ya mezani kwa adapta ya kuchomeka kwenye PCIe, tundu la kadi za ziada. Hilo nilikuwa nimelisoma kabla ya kupanda boti. Kanuni za kwanza za NVMe zilitolewa 2011, na mashine yangu ilikwishatoka kiwandani. BIOS yake, ile programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, haiijui NVMe, kwa hiyo hata ukiichomeka na Windows ikaiona baada ya kuwaka, kompyuta haiwezi kuwakia kutoka humo. Na kuwakia humo ndiyo shida yenyewe. Fundi yule alikuwa muungwana, alikubali, tukazungumza mambo mengine mengi ya faida.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwuliza mtu ni jina kamili la mashine yake, lililoandikwa kwenye kibandiko cha chini, siyo "Dell nyeusi". Ukiwa na jina unatafuta kitabu cha mafundi cha mtengenezaji, kipo bure mtandaoni, nacho kinakueleza mashine inapokea diski gani. Laptopu nyingi zilizokuja kwetu kutoka miaka ile zinapokea diski ya inchi 2.5 ya SATA, na hiyo ndiyo utakayoipata kwa urahisi. Baadhi zina pia nafasi ndogo ya mSATA, ambayo ni kitu kingine kabisa na M.2. Zilizofuata, kuanzia kama 2013 na 2014, ndizo zinazowachanganya watu zaidi: nyingine zina nafasi ya M.2 lakini inapokea SATA tu. NVMe unaweza kukuta inaingia vizuri, skrubu inakaza, halafu kompyuta haioni kitu. Tena M.2 zina urefu tofauti. Ile iliyoandikwa 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na 2242 ni milimita 42. Pima kabla hujalipa, maana kurudisha kitu Unguja kwa boti ni gharama juu ya gharama.

Kuna na unene. SSD nyingi za inchi 2.5 zina unene wa milimita 7, na hadi diski nyingi za laptopu za zamani zilikuwa na 9.5. Ikicheza ndani ya nyumba yake, itie kifremu cha plastiki cha kujazia, ambacho mara nyingine huja ndani ya boksi. Kwenye kompyuta ya mezani hata hilo halisumbui. SSD haitikisiki wala haina uzito, kibati cha kuishikia kinatosha, na nimeona mafundi wakiibandika kwa tepu ya pande mbili ikakaa salama.

Sasa turudi kwenye zile 560. Ipo programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Ukiifungua, katika mstari wa aina ya mawasiliano utaona maandishi kama SATA/300 au SATA/600. Zangu zote mbili ni SATA/300, maana yake njia yake haipitishi zaidi ya megabaiti 300 kwa sekunde, na kwa kazi halisi huwa chini ya hapo. Rafiki yangu mmoja mwenye duka Wete alipoliona hilo kwenye mashine yake alivunjika moyo, akasema basi SSD ni kutupa pesa, nusu ya kasi inapotea. Nilimwomba asiache. Kile kipimo cha 560 ni cha kusoma faili moja refu mfululizo. Kwa vipande vidogo vinavyosomwa kimoja kimoja, ambavyo ndivyo Windows na Word huishi navyo, hata SSD nzuri ya SATA husoma makumi machache ya megabaiti kwa sekunde. Dari la 300 haifikii hata kuligusa. Hadi diski kwa kazi hiyo hiyo mara nyingi haifikishi megabaiti moja. Alinunua, na sasa ndiye anayewashawishi wengine.

Kwa hiyo namba kubwa ya mbele ya boksi niliiacha, nikasoma vitu vitatu vinavyoandikwa kwa herufi ndogo, au visivyoandikwa kabisa mpaka uvitafute katika ukurasa wa mtengenezaji.

Kimoja ni DRAM, chipu ya kumbukumbu iliyomo ndani ya SSD yenyewe, ambamo diski huhifadhi ramani ya wapi kila kipande kimekaa. SSD za bei ya chini hazina. Zile za NVMe zisizo na DRAM huweza kuazima kidogo kutoka ramu ya kompyuta, lakini za SATA hazina njia hiyo. Kwa kuchapa barua hutaona tofauti. Kwa kunakili video za harusi kutwa nzima utaiona: inaanza kwa mbio, halafu inapofika mahali inazama. Cha pili ni TBW, jumla ya terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali zitaandikwa juu ya diski hiyo katika maisha yake ya waranti. Na cha tatu ni miaka ya waranti yenyewe.

Kwa laptopu, inayobeba picha na video, nilichagua Crucial MX500 ya gigabaiti 500. Ina DRAM, TBW yake ni 180, waranti miaka 5. Kwa ya mezani, isiyofanya kazi nyingine zaidi ya kuchapa, kuskani na kuprinti, nilichukua Kingston A400 ya gigabaiti 240, isiyo na DRAM, TBW 80 na waranti miaka 3. Watu wanaogopa hiyo 80 wakidhani ni ndogo. Piga hesabu: ukiandika gigabaiti 20 kila siku ya Mungu, bila Ijumaa wala Idi, terabaiti 80 zitakwisha baada ya siku 4,000, karibu miaka 11. Duka langu haliandiki hata nusu ya hapo. Ingekuwa pesa ya bure kuitia ile ya mezani diski ya bei kubwa, na tofauti ya bei niliitumia kwa kitu kingine nitakachokieleza.

Halafu usishtuke ukiiona Windows inasema una gigabaiti 223 badala ya 240, au 465 badala ya 500. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Wizi wenyewe una sura nyingine, na huu nataka kuueleza kwa kituo kwa sababu umewaumiza watu ninaowaheshimu. Maalim mmoja kutoka Wawi alikuja dukani na diski ya nje aliyoinunua kwa bei ndogo, imeandikwa SSD, terabaiti 16. Ndani alikuwa ametia darsa zake alizorekodi, za Ramadhani na za baada yake. Orodha ya mafaili ilikuwepo yote, majina yake sahihi, tarehe sahihi, ukubwa sahihi. Ukilifungua la mwanzo mwanzo linasoma. Ukienda chini, kimya, au programu inasema faili limeharibika.

Niliishika mkononi. Nyepesi mno. Kwa idhini yake nilipitisha wembe kwenye maungio ya kasha, likaachia. Ndani mlikuwa na ubao mdogo wa saketi unaoenea kucha mbili, na juu yake kadi ya kumbukumbu ya simu, ile ndogo kabisa, imegandishwa kwa gundi. Nafasi nyingine yote ilikuwa tupu. Kilichofanyika ni kwamba ubao ule umefundishwa kuidanganya kompyuta. Ukiuuliza una nafasi kiasi gani, unajibu terabaiti 16. Unapokea kila unachoandika, na kadi halisi ikijaa, yanayofuata yanaandikwa juu ya ya zamani au hayaandikwi popote, ila jina linabaki kwenye orodha.

"Mwanangu, kwa hiyo zile darsa zimekwenda?"

"Zilizomo humu nyingi zimekwenda, Maalim. Simu uliyorekodia unayo bado?"

Alikuwa nayo, na baadhi hakuzifuta. Tulizihamisha pale pale, tukaziandikia na nakala ya pili. Nyingine hazikupatikana tena.

Tangu hapo diski yoyote mpya inayoingia dukani, yangu au ya mteja, hupita mtihani kabla ya kutiwa hata barua moja. Kwenye Windows natumia H2testw, kwenye Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, ipo F3. Zinaiandika diski mpaka ijae, kisha zinaisoma yote na kulinganisha. Kwa diski kubwa unaiacha mpaka asubuhi. Wengine wanasema mtihani huo unaila SSD. Kuijaza mara moja A400 yangu ni gigabaiti 240 katika 80,000, hata nusu ya asilimia moja haifiki, nami naona ni bei ndogo sana ya kujua ukweli. Baada ya hapo natazama kwenye CrystalDiskInfo saa ambazo diski imewahi kuwa na umeme. Diski mpya iseme sifuri au saa chache. Ikisema maelfu, imeshatumiwa kwingine ikafutwa ikatiwa kwenye boksi jipya. Namba ya kiwandani (serial number) iliyomo ndani lazima ifanane na ya kwenye kibandiko, na watengenezaji wakubwa wana ukurasa wa kuithibitisha pamoja na waranti yake. Muuzaji mwema hakasiriki ukimwambia utaikagua na utamrudishia ikiwa na kasoro. Nimeshamwacha aliyekasirika, nikatoka na pesa yangu mkononi.

Kuhamisha mafaili ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi, hasa kwa laptopu. Hadi diski yake ilikuwa imeanza kutoa sauti, tak, tak, kisha kimya kirefu, kisha tak. CrystalDiskInfo iliipa rangi ya njano, na mstari wenye alama C5 ulikuwa na namba isiyokuwa sifuri. Mstari huo unahesabu sehemu za sahani ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inangoja kuona kama zitasomeka tena. Diski ya namna hiyo haitaki kunakiliwa nzima nzima. Kila unapoilazimisha isome sehemu mbovu unaimalizia pumzi zake. Nilianza na vya thamani: mitihani ya walimu, mikataba, picha za watu ambazo hazina nakala kwingine. Kisha nyaraka zangu. Video nilizinakili mwisho, na mbili zilizogoma niliziacha. Windows yenyewe sikuihamisha, niliisimika upya kwenye SSD tupu, safi. Ilichukua jioni, na programu za printa na skana zikataka muda wake, lakini mashine iliyochafuka kwa miaka mingi hupata nafuu kwa kuanza upya.

Ya mezani ilikuwa na hadi diski nzima, nzito tu, ya gigabaiti 160. Hiyo niliinakili yote kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kutoka kwenye fleshi, kila kitu kikahamia kama kilivyo, nikaitanua sehemu ya diski ijaze nafasi mpya. Angalia hapa: Clonezilla kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Mwenye hadi diski ya 250 akinunua SSD ya 240 atakwama, ingawa mafaili yake ni machache. Ama anunue ya 480 au 500, ama aipunguze kwanza sehemu ya diski ya zamani kwa uangalifu, ama asimike upya.

Kwenye BIOS hakikisha SATA iko kwenye AHCI, hali mpya ya kuzungumza na diski. Ukikuta iko kwenye hali ya kizamani ya IDE na Windows imeshasimikwa humo, usigeuze tu ukawasha, itakuonesha skrini ya buluu. Windows 10 iambie kwanza iwake kwa hali salama, ndipo ugeuze, ikiwaka vizuri unairudisha kawaida. Zile programu za kupanga diski, za kudifragi, zisahau kabisa. Windows kuanzia 7 inaijua SSD na inaiambia ni vipande gani vimefutwa ili ivisafishe. Unachotakiwa wewe ni kuiachia nafasi, isijae hadi ukingoni. Mie naacha kama moja ya tano.

Ile tofauti ya bei niliyoiokoa ilikwenda kwenye umeme. Laptopu yangu ilikuwa na betri iliyokufa, ukichomoa waya inazima, na laptopu ya namna hiyo mbele ya umeme haina tofauti na ya mezani. SSD za kawaida tunazonunua hazina kapasita kubwa za kuzipa nafasi ya kumaliza kuandika pale umeme unapokatika ghafla. Zile za seva ndizo zinazo. Umeme ukienda katikati ya kuandika, faili lililo wazi linaweza kuharibika, na mara nyingine ni ile ramani ya diski yenyewe. Haijalishi umekatika kwa sababu ya upepo, au uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zimekwisha huku unaskani. Kwa hiyo nilinunua betri mpya ya laptopu, na UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya kompyuta ya mezani, inayonipa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kama mtu ana pesa ya SSD nzuri sana bila UPS, au SSD ya wastani pamoja na UPS, namshauri la pili bila kusitasita.

SSD ina tabia moja inayonifanya nisiiamini peke yake. Hadi diski mara nyingi hulia kabla ya kufa, kama ile ya laptopu. SSD inaweza kufanya kazi jioni, asubuhi BIOS haiioni kabisa, na hakuna sauti iliyokuonya. Ndiyo maana ile hadi diski ya 160 sikuiuza. Imebaki ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye waya wake wa SATA, na kila jioni kazi za siku zinanakiliwa humo. Nakala nyingine iko kwenye hadi diski ya nje ambayo hailali dukani. Hapo pia nimechagua hadi diski kwa makusudi. SSD inashikilia data kwa chaji ya umeme ndani ya chipu, na ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa chaji hiyo huvuja polepole, hasa penye joto. Kanuni za JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, zinataka SSD ya matumizi ya kawaida, ikiwa imeshamaliza TBW yake, iweze kushikilia data mwaka mmoja bila umeme kwa nyuzi joto 30. Vyumba vyetu wakati wa kaskazi hufika hapo na kupita. SSD mpya ina uvumilivu zaidi ya huo, lakini kumbukumbu za miaka za watu siwezi kuzifungia kabatini ndani ya SSD nikaziacha.

Limebaki la Windows. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 matengenezo ya kawaida ya usalama baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa mpya zaidi, kwa Intel kuanzia kizazi cha nane. Mashine zangu haziko karibu na hapo, na SSD haibadilishi hilo hata chembe. Mtu akija na kompyuta ya umri huu namwambia kabla hajatoa pesa, ajue anachokinunua. Ya mezani nimeitia Linux Mint. Fomu za mtandaoni inazifungua vizuri, printa na skana ilizitambua, na kwa SSD ile inawaka haraka kuliko ilivyowahi kuwaka. Tatizo ni mitihani ya walimu iliyoandikwa kwa Word, yenye majedwali na michoro: ukiifungua kwa LibreOffice, mbadala wa bure wa Word, mistari inahama, na mwalimu hawezi kukubali swali la nne liangukie ukurasa mwingine. Kwa ajili hiyo laptopu imebaki na Windows, kwa kazi za Word na video, na intaneti nimeikata. Mafaili yanafika kwake kwa fleshi iliyokaguliwa kwanza kwenye ile ya Linux.

Nikipata laptopu ya kizazi cha nane yenye nafasi ya inchi 2.5, MX500 itatolewa humu na kuingia kule, ikiwa bado na sehemu kubwa ya zile terabaiti 180 zake.